Ung'avu Uliopimwa na Ung'avu Uliokisiwa

Mabibi na mabwana,

Tuanze na shamba la mahindi la nusu ekari, mraba wenye upande wa mita 45 hivi. Setilaiti ya Landsat 8, iliyorushwa mwaka 2013, hulipiga picha za rangi ambazo kila pikseli yake, yaani kila nukta ndogo inayoiunda picha, hubeba mita 30 kwa 30 za ardhi. Kwa hiyo ni pikseli moja tu inayoweza kuenea nzima ndani ya shamba hilo, tena ikibahatika, na zilizobaki huchanganya mahindi na njia, kivuli cha mwembe na bati la jirani. Kwa anayekadiria mavuno, basi, kuongeza ung'avu wa picha, yaani kuifanya ionyeshe vitu vidogo zaidi, si suala la urembo.

Landsat 8 yenyewe ina bendi, yaani sehemu ya mwanga inayopimwa peke yake, isiyo na rangi na yenye pikseli za mita 15, na wengi wetu huitumia kuzinoa bendi za rangi. Njia hiyo hufaa kwa barabara na majengo. Lakini bendi hiyo hupokea mwanga unaoonekana kwa macho tu, haigusi infraredi ya karibu, mwanga ambao macho hayauoni na ambako ndiko afya ya mmea husomeka, na kwa sababu hiyo mimi siitegemei sana shambani.

Kazi ninayoistahi zaidi ni ya SPOT 5, setilaiti ya Ufaransa iliyorushwa Mei 2002. Ilikuwa na safu mbili za vihisi, kila moja ikipiga picha yenye pikseli za mita 5, ila ya pili ilisogezwa nusu pikseli kutoka ya kwanza. Pale ambapo ukingo wa barabara ulimezwa na pikseli ya picha ya kwanza, picha ya pili iliukata ukingo uleule mahali pengine. Na kwa kuzisuka picha hizo mbili, kisha kuondoa ukungu na chengachenga, wahandisi walipata picha ya mita 2.5. Kilichoongezeka pale kilikuwa na kipimo nyuma yake.

Siku hizi mashine hufundishwa kunoa picha kwa kuonyeshwa jozi za picha hafifu na picha kali, na hapa naomba tuwe waangalifu. Pikseli ya mita 10 ikigawanywa kuwa za mita 2.5 huzaa pikseli 16, ilhali setilaiti ilitupa wastani wake tu, na mipangilio inayotoa wastani huohuo haihesabiki. Wapo wanaoirudisha picha iliyonolewa kwenye ukubwa wa awali na kuonyesha kwamba inalingana na ile ya setilaiti, jambo ambalo ni la lazima lakini halitoshi, kwa kuwa mpangilio wenye mfereji na usio na mfereji yote miwili hufaulu jaribio hilo. Mashine itachagua ule iliouzoea; ikiwa ilifundishwa kwa mashamba makubwa ya Ulaya, inaweza kuchora mpaka ulionyooka mahali ambapo wakulima wetu wamechanganya mahindi na kunde hadi ukingoni mwa njia. Kabla ya picha ya namna hiyo kutumika kuamua mpaka wa mtu, nataka nione picha ya siku nyingine ya mahali hapohapo, au mpimaji aende na futi kamba yake.