Iowa msimu wa 2025: Gronowski sawa, ila mpira atamrushia nani?

Haya jamani, mliosimama nyuma kuna viti huku mbele, tuanze maana najua kuna watu wana shifti usiku.

Nimeombwa niongelee ofensi, yaani upande wa kushambulia, ya timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa kuelekea msimu wa 2025, na wengi wenu hapa Iowa City mpira huu mnaujua kwa foleni tu, Jumamosi ya mechi watu karibu 70,000 wanaingia uwanja wa Kinnick na wewe hata dukani hufiki (kicheko). Kwa wale wa soka niseme hivi, Iowa ya kocha Kirk Ferentz, na huyo mzee yupo pale toka 1999, ni timu ya kupaki basi, difensi inabana, inangoja mwenzie akosee, ofensi kazi yake ni kutoharibu tu.

Sasa 2023 ikaharibu. Koodineta, yaani kocha anayepanga ofensi, alikuwa Brian, mtoto wa kocha mwenyewe, na mkataba wake uliandikwa kabisa kwamba timu ifikishe wastani wa pointi 25 kwa mechi, tena hata zile zinazofungwa na difensi zinahesabiwa, na bado wakaishia 15.4. Kwa yadi, yaani umbali ofensi inaousogeza mpira, walikuwa wa mwisho kabisa, wa 133 kati ya timu 133. Na wakashinda mechi 10! Staa wa timu alikuwa panta, Muaustralia Tory Taylor, yaani yule anayeitwa ofensi ikishindwa ili aupige mpira mbali, na mwaka ule alikuwa na kazi nyingi kweli, Chicago Bears ya ligi ya kulipwa wakamchukua raundi ya nne.

2024 akaja koodineta mpya, Tim Lester, pointi zikapanda hadi karibu 28 kwa mechi, mtaani wakasema ofensi imepona. Mimi nilikataa na bado nakataa. Kilichotokea ni mkimbiaji Kaleb Johnson, yadi 1,537 za kukimbia, na tachidauni 21, yaani kuufikisha mpira golini, ambazo ni rekodi ya chuo. Chukua mechi ya Nebraska, Iowa walipata fest dauni 5 tu mechi nzima, yaani kusogeza yadi 10 na kupewa nafasi mpya, tano, na wakashinda 13-10 kwa sababu Kaleb alipewa pasi fupi akakimbia nayo yadi 72 halafu mpiga kiki Drew Stevens akapiga kiki ya yadi 53 muda unaisha. Na Kaleb 2025 akachukuliwa na Pittsburgh Steelers.

Ndo hapo watu wanataja kota-beki mpya, yaani mrusha mpira, Mark Gronowski, na sio vibaya, kijana kabeba ubingwa wa FCS mara mbili na South Dakota State, 2022 na 2023, kashinda mechi 49 na kupoteza 6 tu akianza, na tuzo ya Walter Payton, ya mchezaji bora wa ofensi FCS, anayo. FCS ni daraja la chini, ndio, lakini kushinda ni mazoea. Ila alifanyiwa opresheni ya bega mwezi wa kwanza kwa hiyo mazoezi ya spring, kabla ya msimu, hakurusha, na kota-beki na marisiva, yaani wadaka pasi, wapya wanahitaji miezi ya kuzoeana, sio wiki.

Sasa sikilizeni, hapa ndo ninapotaka kufika. Lester anapenda mbio za pembeni, laini nzima, wale wakubwa wa mbele wanaofungua njia, inasogea upande mmoja mkimbiaji anatafuta upenyo, na difensi zote za Big Ten, ligi ya Iowa, zinajua, zinachofanya zinaleta watu wanane karibu na mpira na kukwambia haya rusha. Mwaka 2024 Iowa hawakuweza kurusha, hakuna risiva hata mmoja aliyefika yadi 500 msimu mzima, mmoja! Kaleb alikuwa anawapita hao wanane kwa kipaji chake. Mkimbiaji mwingine, Kamari Moulton, ni mzuri, nampenda, anakata vizuri, lakini kumpita mtu wa mwisho na kwenda yadi 60 sijaona kwake. Kwa hiyo zile mbio ndefu zinapungua, na mbadala wake lazima utoke hewani.

Laini sina wasiwasi nayo sana. Logan Jones karudi katikati, huyu aliletwa kama mtu wa difensi wakamgeuza senta, Gennings Dunker yupo kulia, yule mwenye nywele nyekundu ndefu nyuma, Beau Stephens yupo. Pengo ni tackle ya kushoto, nafasi ya pembeni ya laini, alikotoka Mason Richman.

Marisiva ndo wanaoninyima usingizi. Jacob Gill, Reece Vander Zee, na Sam Phillips aliyetoka Chattanooga, hao watatu wakiwalazimisha mabeki kurudi nyuma hata hatua tano tu basi Moulton anapata nafasi. Wasipoweza, tutamuona Gronowski anakimbia mwenyewe kila wakifika karibu na goli, na bega lile, mh.

(Swali kutoka kwa mama mmoja: kwa hiyo watafunga zaidi ya mwaka jana au hawafungi?)

Mama, hapana, sio zaidi, nasema pointi 26 au 27, ila zitatoka kwa njia tofauti, drivu ndefu, yaani kusogeza mpira kidogo kidogo, za dakika saba nane badala ya mkimbio mmoja wa ghafla. Msiangalie mechi ya Albany, pale kila mtu atafunga. Angalieni mechi na Iowa State kule Ames tarehe 6 Septemba, halafu Indiana tarehe 27 hapa nyumbani, hesabuni pasi za zaidi ya yadi 20, zikifika nne kwa mechi mimi nitanunua tiketi ya mechi ya Penn State.