Herufi Alizozichonga Käthe Kollwitz

Habarini ndugu zangu, nyumbani na kokote mnakonitazama. Leo niko Berlin, mtaa wa Prenzlauer Berg, kwenye uwanja wenye jina la Käthe Kollwitz, msanii wa Ujerumani. Mama huyu aliishi hapa miaka mingi. Mumewe alikuwa daktari wa wafanyakazi, na wagonjwa wale ndio walioingia kwenye picha zake.

Tuitazame chapa moja, yaani picha iliyochongwa kwenye ubao kisha ikachapwa kwa wino kwenye karatasi. Januari 1919 mwanasiasa Karl Liebknecht aliuawa hapa Berlin, uasi wa wafanyakazi ulipozimwa. Familia ikamwomba Kollwitz amchore marehemu. Akajaribu kuchapa kwa bamba la metali, akajaribu kwa jiwe, hakuridhika. Mwaka 1920 akaona chapa za mbao za msanii mwenzake Ernst Barlach, naye akaanza kuchonga.

Nasogeza kamera, angalieni. Maiti imefunikwa shuka jeupe, na weupe huo ni mbao iliyochimbwa. Wino umeshika pale tu palipoachwa. Wafanyakazi wameinama, mmoja ameweka kiganja chake kipana kifuani pa marehemu. Chini kuna maneno: “Walio hai kwa aliyekufa.” Yamechongwa kwenye ubao uleule, kinyumenyume, ili yakichapwa yasomeke. Mimi maneno hayo yananishika kuliko hata sura zile. Hayakupangwa na fundi wa kiwanda cha uchapaji. Yametoka kwenye mkono uliochonga msiba wenyewe.

Kumbukeni, mwaka 1898 Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, alikataa mama huyu apewe medali kwa picha za uasi wa wafumaji. Ufalme ukaanguka 1918, na mwaka uliofuata akaingizwa kwenye Akademia ya Sanaa ya Prussia. Lakini mwanawe Peter alikwisha kufa vitani Ubelgiji, Oktoba 1914, akiwa na miaka 18. Ndiyo maana bango la mama huyu la 1924, la mkutano wa vijana Leipzig, linapiga kelele: “Vita visiwepo tena!” Kijana ameinua mkono kama anayekula kiapo, na herufi zimechorwa kwa mkono, kubwa, haziko sawasawa.

Wanazi walipokuja 1933, wakamlazimisha kutoka Akademia. Na Januari 1941 wakapiga marufuku hata herufi za kale za Kijerumani, wakizisingizia kuwa za Kiyahudi, kwa waraka ambao kichwa chake kilichapwa kwa herufi hizohizo!

Walimu wa sanaa mnaonitazama, chapa ya mbao haihitaji mashine: ubao, patasi, wino, na mgongo wa kijiko kusugulia karatasi. Wanafunzi wenu wakichonga maneno yao, nitumieni picha, nitazionyesha hapa.