Saa tisa mchana watu wanakaa wapi?

Asanteni, kaeni kaeni. Tukisema kuwajengea makazi watu wa migodini, wanaonijua washajua naanzia wapi, ni Fermont tena, wale wa mwaka jana mnivumilie.

Fermont iko Quebec, Kanada, mji wa wachimba chuma, umejengwa mwanzoni mwa miaka ya 70. Upepo wa kule si wa kusimulia. Sasa wasanifu wawili, Desnoyers na Schoenauer, badala ya kupanga vijumba mstari mstari kama makaburi, wakachukua fleti, maduka, shule, bwawa la kuogelea, baa (eeh baa pia, msicheke), wakaunganisha likawa jengo moja refu kama kilomita 1.3, wakalisimamisha upande upepo unakotokea, nyumba za familia zikajibanza nyuma yake. Anayekaa humo anaenda dukani na ndala, nje theluji.

Najua kuna mtu pale nyuma anasema mzee, sisi hatuna theluji. Jua je, huna? Nilifika kota za mgodi mmoja Kanda ya Ziwa, siutaji, vyumba vya makontena vimetazama magharibi, mti hata mmoja hakuna maana greda lilipita na kila kitu. Saa tisa mchana ndani hakukaliki. Kina mama nikawakuta kwenye kivuli cha tenki la maji, mkeka mmoja, huyu anamsuka yule, katoto kamelala, na kivuli kikisogea wanavuta mkeka na katoto kake juu wala hakaamki. Hapo ndo sebule, ndo saluni, ndo baraza la wazee. Kwenye ramani ya mhandisi pameandikwa "tenki", basi!

Mtaniambia bajeti. Mche wa mwarobaini bei gani jamani? Na kuigeuza nyumba madirisha yatazame kaskazini na kusini ni kazi ya penseli, tena kabla hujamwaga zege. Gharama ni kutafuta fundi mpya kila baada ya miezi sita kwa sababu mke wa yule wa kwanza alikuja, akakaa siku tatu, akapanda basi.

Naona naonyeshwa saa. Haya, shule, zahanati, majitaka, naruka. Hili la kuleta watu kwa ndege wanapiga zamu wanaondoka, hata Fermont yenyewe wenyeji wanalilalamikia, tungelihitaji siku nzima. Na mgodi ukifungwa je? Hukohuko Quebec kulikuwa na Gagnon, 1985 wakaufunga na kuubomoa mji wote, leo barabara kuu inapita katikati ya pori palipokuwa mtaa. Mama wa kitenge cha njano, ulinyoosha mkono muda, uliza.