Siku mbili Louisville, na lile daraja lililonila hela

Haya, karibuni tena. Ndiyo mimi yuleyule mama wa maandazi, ila leo sikaangi kitu. Leo nawatembeza mjini kwangu, Louisville, jimbo la Kentucky, maana kila likizo nikipokea wageni maswali ni yaleyale: tulale wapi, tule nini, tuone nini. Nimechoka kuandika ujumbe mmoja mara kumi. Tazameni video hii, mkimaliza mniagize maandazi.

Kwanza jina. Usitamke kama lilivyoandikwa. Wenyeji husema "Luavol", kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Sema hivyo hivyo, utaeleweka.

Uwanja wa ndege hauna maneno mengi. Tangu 2019 unaitwa kwa jina la Muhammad Ali, na uko karibu na mji. Shuka, chukua gari la kukodi, twende.

Sasa pa kulala. Hoteli za katikati ya mji ni nzuri, lakini gari nalo linalipiwa pa kulala. Mimi wageni wangu nawavusha mto Ohio, nawapeleka Jeffersonville. Hapo umeshatoka Kentucky, uko Indiana. Unalala jimbo moja, unakula jimbo jingine, na mfuko unapumua. Ila usije wiki ya Derby, zile mbio za farasi za Jumamosi ya kwanza ya Mei, kama hukushika chumba mapema. Mbio zenyewe ni dakika mbili tu. Bei ya chumba haitakwisha kukuuma kwa dakika mbili.

Haya, hapa tegeni sikio. Niko ndani ya gari, mpwa wangu anaendesha, tunatoka Jeffersonville kwenda mjini. Madaraja ya barabara ya 65 yanalipiwa. Hamna kibanda, hamna kizuizi, hamna mtu wa kukunyooshea mkono. Kamera inapiga picha namba ya gari, basi. Wewe unapita unaimba, kumbe... Wee! Kushoto! Kushoto, mwanangu, usifuate hiyo simu! Fuata kibao cha 31! Thelathini na moja!

Uff. Mmeona? Hiyo sitaikata, ibaki. Ndivyo nilivyoliwa mimi mara ya kwanza. Nilivuka na gari la kukodi, nikarudi, nikavuka tena kwa sababu nilisahau mkoba. Picha zikaenda kwa wenye gari, wakalipa ule ushuru, halafu wakanidai pamoja na ada yao juu. Ada ilishinda ushuru. Nilikaa kimya siku nzima, na mimi si mtu wa kukaa kimya.

Kwa hiyo: kabla hujawasha gari, fungua ramani ya simu, ingia kwenye mipangilio, chagua kuepuka barabara za kulipia. Kabla hujawasha gari, siyo ukishafika kwenye mlima wa daraja. Daraja la bure ni hili la zamani la Clark Memorial, la barabara ya 31, linakushusha mtaa wa pili, katikati ya mji kabisa. Rudia na mimi: 31 ndiyo, 65 hapana.

Tumefika. Egesha gari, mtaa wa Main tunatembea. Lile gongo la besiboli lililoegemea jengo la Louisville Slugger, kiwanda cha magongo chenye makumbusho, ni la chuma, lina urefu wa mita 36 hivi. Ndani wanatengeneza magongo ya kweli, na mwisho wa ziara kila mtu anapewa kadogo. Hako weka kwenye begi kubwa la kupakiwa, usipande nako ndegeni.

Kisha Kituo cha Muhammad Ali. Hapa msiniharakishe. Mwaka 1954, akiwa na miaka 12, aliibiwa baiskeli yake nyekundu hapa hapa mjini. Akamwambia polisi kwamba akimpata mwizi atamtandika. Polisi yule, Joe Martin, alikuwa akifundisha ngumi, akamjibu: jifunze kupigana kwanza. Miaka 20 baadaye mtoto wa ile baiskeli yuko Kinshasa anamwangusha George Foreman. Mji huu una Wakongo wengi wanaosema Kiswahili, na ukifika na mzee wa Kikongo kwenye habari za 1974, keti chini. Utapewa pambano lote, raundi zote nane, kwa mikono na miguu.

Njaa? Twende Brown Hotel, tule Hot Brown, walichobuni wenyewe mwaka 1926. Ni mkate wa kuokwa, juu yake nyama ya batamzinga na mchuzi mzito wa jibini unaochemka. Lakini ndugu zangu Waislamu, juu kabisa kuna vipande vya nguruwe. Sema mapema wasiweke. Sema kabla ya kuagiza, siyo sahani ikishafika. Na moja inawatosha wawili, mimi sijawahi kuimaliza.

Kesho yake asubuhi nenda makaburi ya Cave Hill, alikozikwa Ali mwaka 2016. Pana miti mikubwa na utulivu. Yule mzee wa kuku wa kukaanga, Kanali Sanders, naye yuko humo humo.

Jioni acha gari Jeffersonville, vuka kwa miguu. Daraja la Big Four lilikuwa la treni, sasa ni la waenda kwa miguu na baiskeli, bure kabisa, hakuna cha kamera. Upepo huo mnausikia... subirini nigeuze simu. Taa ndizo hizo zimeanza kuwaka, zinabadili rangi. Chaji imebaki asilimia nne, na mpwa wangu ameshafika upande wa pili, ananipungia mkono. Ndiye mwenye ufunguo wa gari.