Dhahabu 4,000 za mpiganaji wa leveli ya 8

ZUHURA: Karibuni tena mezani. Leo tuna swali la msikilizaji anayecheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, chini ya msimamizi anayesimulia, kanuni za 2024. Mhusika wake ni mpiganaji wa leveli ya 8: ngao mkononi, deraya ya chuma mwili mzima, na upanga wa +1, yaani unaongeza moja kwenye dadu ya kulenga na kwenye jeraha. Wamemaliza kazi, kila mmoja kaondoka na vipande 4,000 vya dhahabu, na msimamizi wao kawaambia mjini kuna duka la vifaa vya kichawi. Anauliza, anunue upanga wa +2?

BARAKA: Asinunue.

ZUHURA: Eh, kaka! Hata swali halijapoa.

BARAKA: Nisikilize, dada. Upanga wa +2 ni kifaa adimu, na kitabuni kifaa adimu ni 4,000. Anakomba mfuko wote. Anapata nini? Dadu ina pande 20, kwa hiyo hiyo +1 ya nyongeza ni asilimia 5 tu. Kwa zamu anapiga mara mbili. Ukipiga hesabu, ni pigo moja la ziada kila zamu kumi. Mapambano mangapi unayajua yanayofika zamu ya kumi?

ZUHURA: Na jeraha linaongezeka kwa moja kila anapopata. Usiliruke hilo.

BARAKA: Moja! Joka jekundu kijana ana uhai 178. Mwachie hiyo moja yake.

ZUHURA: Haya, basi kwa bei ileile achukue Ulimi wa Moto. Huo unaongeza dadu mbili za pande 6 kila pigo, wastani 7. Hizo si senti za chenji.

BARAKA: Huo nauheshimu. Lakini angalia: Ulimi wa Moto wenyewe hauna +1, kwa hiyo kulenga kunashuka kidogo. Halafu ni moto. Joka jekundu moto haumdhuru, na mashetani wa Jehanamu vilevile. Na kubwa kuliko yote, unakula nafasi ya kufungamana.

ZUHURA: Kwa wageni: vifaa vingi vyenye nguvu havifanyi kazi mpaka ufungamane navyo. Unakaa navyo pumziko fupi la saa 1, na mwisho ni vifaa 3 kwa mtu. Cha nne unabeba kama mzigo.

BARAKA: Ndiyo maana mimi nahesabu nafasi kabla ya dhahabu. Dhahabu mtaipata nyingine kesho. Nafasi ya nne haiji.

ZUHURA: Wengine hukimbilia Glovu za Zimwi, kwa kuwa ni 400 tu.

BARAKA: Zinakupa Nguvu 19. Huyu mpiganaji wa leveli ya 8 bila shaka Nguvu yake imeshafika 18. Alama ya 18 inaongeza +4 kwenye dadu, ya 19 ni +4 ileile. Kalipa 400 na nafasi moja ili abaki palepale! Hizo apewe kasisi mwenye Nguvu 10, atacheka mpaka jino la mwisho.

ZUHURA: Wewe ungempa nini?

BARAKA: Kitu cha kufanya ambacho leo hawezi. Fikiria lile joka linazunguka futi 80 juu, linasubiri pumzi yake ya moto irudi. Mpiganaji wetu yuko chini na upanga wake mzuri. Atatupa mkuki, lakini ukipita futi 30 anatupa kwa taabu, dadu mbili anachukua iliyo ndogo. Sasa upanga uwe +1, +2, hata +3, unamsaidia nini? Anunue Ufagio wa Kuruka. 400, na hauhitaji kufungamana.

ZUHURA: Ufagio! Wachawi wa huku kwetu wangekucheka, wao ni ungo.

BARAKA: Mchezaji mmoja wa mezani kwetu aliomba ufagio wake uwe ungo. Msimamizi akakubali, kanuni zilezile, umbo tu limebadilika. Mpaka leo anatua kwenye paa za watu usiku wa manane.

ZUHURA: Lakini uzito, Baraka. Ufagio unakwenda futi 50 kwa zamu, ila ukibeba zaidi ya ratili 200 unashuka hadi futi 30. Deraya peke yake ni ratili 65. Ongeza ngao, ongeza mwenye mwili wake.

BARAKA: Futi 30 angani ni nyingi kuliko sifuri.

ZUHURA: Na akigandishwa kwa uchawi huko juu? Maana udhaifu wa huyu mtu ninaujua, ni Hekima. Tuseme nyongeza yake ni +1, na uchawi wa adui unamtaka afikishe 15 ili ajinusuru. Dadu lazima itoe 14 kwenda juu, asilimia 35. Akishindwa anasimama kama gogo, na kila pigo la karibu linalompata ni pigo kali, dadu za jeraha zinarushwa mara mbili.

BARAKA: Kama yuko ufagioni, msimamizi ndiye ataamua kama anang'ang'ania au anadondoka. Kudondoka futi 60 ni dadu sita za pande 6.

ZUHURA: Basi mimi naongeza Joho la Kinga, 400 nyingine.

BARAKA: Kumbe na wewe unanunua +1!

ZUHURA: Joho linaongeza moja kwenye kinga ya mwili, ile namba adui lazima aifikishe ili akupige, na kwenye kujinusuru kwa aina zote sita. Upanga unafanya kazi kwenye zamu yako. Joho linafanya kazi kwenye zamu za wengine wote. Akifika leveli ya 9 atapata na uwezo wa kurudia kujinusuru alikoshindwa, hapo joho litapata mwenzake.

BARAKA: Hapo umenikamata. 800 zimetoka, nafasi mbili ziko wazi, na 3,200 zimebaki.

ZUHURA: Dawa za uponyaji, 50 kila chupa. Achukue sita.

BARAKA: Kumi. Za kasisi pia, kwa sababu yeye huwa hajinunulii.