Kipindi: "Tutakupigia"

ZUHURA: Wasikilizaji wetu, karibuni. Leo Baraka, mdogo wangu, ndiye mwenye la kusimulia. Ile kazi aliyoiomba kule Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam.

BARAKA: Asante, dada. Niliiomba Januari. Msaidizi wa mhasibu. Februari wakanisaili kwa simu, dakika kumi tu, nikafurahi. Kisha mtihani wa kuandika. Kisha watu watatu mezani, maswali saa nzima. Mwishoni wakanipa mkono: "Umefanya vizuri, tutakupigia."

ZUHURA: Wakapiga?

BARAKA: Baada ya wiki tano! Wiki tano, dada, simu naenda nayo mpaka bafuni, naiweka juu ya ukuta ndani ya bakuli la plastiki isilowe. Namba ngeni ikiita moyo unaruka, kumbe mtu kakosea kutuma pesa.

ZUHURA: Na hapo mama yupo nyumbani anauliza.

BARAKA: Kila jioni. Mwisho akaacha kuuliza, na hiyo iliniuma zaidi. Basi, walipopiga wakanipa kazi ya kufanyia nyumbani: hesabu za miezi mitatu za tawi lao, nizilinganishe na taarifa ya benki. Siku tatu, bando langu, kompyuta ya kuazima. Nikatuma. Kimya.

ZUHURA: Mimi hapo ndipo ninapokasirika. Hiyo ni kazi, Baraka. Mhasibu mwingine angelipwa.

BARAKA: Halafu Aprili wakaniita mara ya tano. Mvua ile ya masika. Nikatoka Kimara saa kumi na moja alfajiri, nimevaa ndala, viatu nimevifunga kwenye mfuko. Jangwani maji yamejaa, barabara imefungwa, mabasi ya Mwendokasi hayapiti. Nikashuka Magomeni, nikachukua bodaboda tuzungukie Kinondoni hadi Daraja la Selander. Nimefika getini suruali imelowa magotini. Nikakaa kwenye benchi, nikapangusa miguu kwa leso, nikavaa viatu. Dada wa mapokezi akanisogezea feni.

ZUHURA: Mungu ambariki.

BARAKA: Nikasubiri tangu saa mbili hadi saa saba. Meneja akatoka, akasema ana dharura, nirudi wiki ijayo.

ZUHURA: Bila hata pole?

BARAKA: Bila pole. Nauli, bodaboda, kuchapa vyeti, mhuri wa wakili, nimeandika vyote kwenye daftari: shilingi 87,000. Hiyo ni hela ya mtu asiye na kazi.

ZUHURA: Niongeze langu, maana akina dada wanaosikiliza wanalijua. Mimi usaili mmoja niliulizwa, "Unatarajia kuzaa lini?" Nikajibu kwa aibu, kana kwamba nina kosa. Baadaye ndiyo nikaisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 7 kinakataza kumbagua mtu kwa jinsia, ndoa au ujauzito, na mwombaji wa kazi naye analindwa humo. Sikujua. Ningejua, ningemwambia kwa heshima kwamba swali hilo halihusiani na kazi.

BARAKA: Wengi hatujui. Tunaingia pale tumeinamisha kichwa.

ZUHURA: Hata serikalini, pamoja na msururu wake, Sekretarieti ya Ajira hutoa majina ya walioitwa kazini. Unafungua orodha, unajitafuta, hujioni, unalia, unalala. Kesho unaomba kwingine.

BARAKA: Ndicho ninachokitaka, dada. Siombi wanichukue. Waniambie siku ya kwanza hatua ziko ngapi, na nikikosa wanitumie meseji ya mstari mmoja. Kuna kibarua Kariakoo nilikikataa Machi, kuhesabu mzigo stoo, kwa sababu nilikuwa nawasubiri wao.

ZUHURA: Kwa hiyo hadi leo hawajasema?

BARAKA: Wenyewe hawajasema. Mei nilipiga simu, akapokea yule dada wa mapokezi. Akanikumbuka, "Wewe ndiye wa viatu kwenye mfuko?" Nikamwambia ndiye. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kaka yangu, usisubiri tena. Mtu ameshaanza kazi tangu mwezi uliopita." Nikamshukuru sana. Jioni ile nikamwambia mama, tukala, na simu nikaiacha chumbani.