Dada Yake Harun: Mhadhara Uliotolewa Kisumu

Assalaam alaykum kwa wenye salamu hiyo. Nanyi wengine, hamjambo.

Mada niliyopewa ni Maryamu katika Biblia na Qurani. Kisa mnakijua nyote, kwa hiyo sitaanza na Jibrili. Nitaanza na kipaza sauti.

Mnaijua ile mihadhara ya karibu na masoko yetu: vitabu viwili mezani, wahubiri wawili, na umati. Nimeisikiliza Mumias nikiwa msichana, nimeisikiliza Nakuru, nimeisikiliza hapa hapa. Na kila anapotajwa mama huyu, anatajwa ili mtu wa upande wa pili aaibike. Nimelisema jambo hili kwa akina mama msikitini, nimelisema matangani, na leo nalisema tena kwa sababu bado linanichoma.

Hoja huwa ile ile. Mhubiri wa Kikristo anafungua Qurani, Sura ya 19, aya ya 28, anasoma kwamba watu walimwita Maryamu "dada yake Harun". Anageukia umati: Harun ni ndugu yake Musa! Kati yake na mama yake Yesu imepita zaidi ya miaka elfu moja! Makofi.

Ndugu yangu, wewe ni mtu wa Nyanza. Mkeo akipita njiani anasalimiwa "nyar Alego", yaani binti wa Alego. Je, baba yake mzazi anaitwa Alego? Alego ni kwao, ni watu wake. Atafika miaka sabini, atakuwa na wajukuu, na bado ataitwa nyar Alego, wala hakuna atakayetoa daftari kuuliza huyo Alego alimzaa mwaka gani. Na jina hilo huitwa lini? Akifanya jema, watu husema: huyo ndiye nyar Alego! Akidhaniwa amekosa, husema: hata wewe, nyar Alego? Hapo hasemwi yeye peke yake, inasemwa nyumba nzima aliyotoka.

Sasa rudini kwenye aya. Msichana anarudi kwa watu wake na mtoto mikononi. Kwanza wanamwita kwa jina lake. Kisha wanaugeukia ukoo: ewe dada yake Harun, baba yako hakuwa mtu muovu, wala mama yako hakuwa kahaba. Wameita ukoo mzima wa Harun, ukoo wa makuhani, uje umtazame. Mhubiri anaona kosa la hesabu mahali ambapo mtu anaumizwa!

Najua mtaniambia: mwalimu, unaokoa kitabu chako. Haya. Sahih Muslim, kitabu cha hadithi za Mtume, inasimulia kwamba sahaba Mughira bin Shu'ba alikwenda Najran, na Wakristo wa huko wakamuuliza swali hili hili. Aliporudi akamuuliza Mtume, akajibiwa kwamba watu wale walikuwa wakiitana kwa majina ya manabii na watu wema waliowatangulia. Kwa hiyo wapo wafasiri wanaosema alikuwa na kaka aliyeitwa Harun, na wapo wanaosema ni ukoo. Mimi naegemea ukoo. Hamnikubalii? Basi fungueni Mathayo 1. Malaika anamwita Yusufu "mwana wa Daudi", na mistari michache juu yake imeandikwa baba yake ni Yakobo. Mbona hapo hamfanyi hesabu? Fungueni Luka 1: Elisabeti ni wa uzao wa Haruni, na Elisabeti ni jamaa yake Mariamu. Hata jina la Haruni limo kwenu, karibu kabisa naye.

Waislamu wenzangu, msipige makofi. Zamu yenu imefika. Nanyi husimama mkasema: sisi tunamheshimu kuliko nyinyi, jina lake limo kwetu mara 34, ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina katika Qurani, ana sura nzima yenye aya 98. Kweli tupu, lakini mnairusha kama jiwe. Ni nani kati yenu aliyekaa na aya ya 23? Uchungu unampeleka kwenye shina la mtende, peke yake, anasema: laiti ningelikufa kabla ya haya, nikawa niliyesahaulika kabisa.

Kukhu wangu, yaani bibi yangu, pale Mumias alizalisha wanawake wengi wa mtaa wetu, Waislamu na Wakristo. Mwenye uchungu akilia kwamba bora afe, Kukhu hakumkemea. Alimwambia, "Hata Bibi Maryamu alisema hivyo hivyo," kisha akamsimulia kijito kilichokuwa chini yake, na mtende alioambiwa autikise tende zianguke. Jirani yetu Mkatoliki alijifungua akiwa ameshika rozari, Kukhu akisoma Sura Maryam miguuni pake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake juu ya Harun. Mtoto yule leo ni fundi cherehani.

Sisemi dini zetu ni moja, tafadhali msinisingizie. Wakristo walithibitisha pale Efeso mwaka 431 kumwita Mama wa Mungu, na sisi hatuwezi kusema hivyo; kwetu ni mama wa nabii. Hilo linabaki. Lakini Ja'far bin Abi Talib, binamu yake Mtume, alipokimbilia Habasha, yaani Uhabeshi, na wenzake, akasimamishwa mbele ya Najashi, mfalme Mkristo, alichomsomea ni mwanzo wa Sura Maryam, na wapokezi wanasema mfalme alilia mpaka ndevu zikalowa. Yule mfalme naye alikuwa na kitabu chake.

Nilitaka kufika Lebanon, ambako tangu 2010 tarehe 25 Machi ni sikukuu ya Wakristo na Waislamu pamoja kwa ajili yake. Nilitaka pia kusema juu ya Legio Maria, kanisa lililotokea hapa kwetu Nyanza miaka ya 1960. Mwenyekiti ananionyesha saa, na Harun amekula muda wote. Mama wa leso ya kijani, umeinua mkono tangu niliposema nyar Alego. Anza wewe.